Hoteli ya Bwana Kesho

Jumatatu, 8 Machi 1999

Ukunda. Joto la kuchemsha yai. Hakuna mteja tangu asubuhi. Watalii wamekatika, na waliokuwa wakija kupigia simu wachumba wao wa Ulaya wamekatika pia. Nadhani wachumba wamechoka kupokea.

Nimekaa ofisini kwa Mutheu, ofisi ya simu na faksi, mimi Ziro Garama, meneja. (Mutheu mwenyewe huwaambia watu mimi ni kijana wa kushika ofisi. Kijana! Nina mvi kidevuni.) Ameleta kompyuta yenye intaneti kutoka Mombasa. Ameniambia nisiiguse ila kwa ajili ya mteja. Nimeigusa. Nilikuwa mteja kwa muda huo.

Ajabu! Nimekuta baraza. Baraza kamili, ila kila mtu yuko nyumbani kwake na wanaandikiana kwa Kiingereza. Si polisi, si mahakimu. Mmoja ni mhasibu mstaafu, anajiita Mwewe. Mwingine anafuga nyuki. Kazi yao ni kumjadili Mwingereza mmoja, Bwana Frayle, anayeshukiwa kumsukuma mkewe kwenye ngazi ili apate pesa za bima. Wanachambua uongo wake mmoja mmoja kama mchele. Leo wanauliza: Frayle amewaambia polisi ana hoteli yake mwenyewe, Galu, pwani ya Kenya, kwa hiyo hakuwa na haja na senti ya mkewe. Je, ni kweli?

Galu, hapa jirani! Nikafungua picha ya Frayle. Ikashuka polepole kama pazia. Kwanza kipara. Kisha miwani. Kisha yale meno.

Bwana Kesho!

Jumanne, 9 Machi

Sikulala vizuri. Kahaso, mke wangu, ameuliza kama nina kunguni.

Namfahamu Bwana Kesho kama ninavyofahamu mlango wangu. Alikuwa mgeni kwenye hoteli niliyofanya kazi ya mezani Galu kabla haijafungwa. Alikaa msimu mzima. Kila akiletewa hesabu ya baa alitabasamu na kusema "kesho." Ndilo neno pekee la Kiswahili alilojifunza, na lilimtosha. Hoteli? Hakuwa na hata taulo. Siku moja akaondoka, na kesho haijafika mpaka leo.

Nilianza kuandika hivyo hivyo. Nikasita. Ukweli ni mfupi mno! Mtu akishausoma, hana haja nawe tena. Nikaandika tu kwamba nilimhudumia Frayle mezani, namjua kwa karibu na nina mengi ya kusema.

Majibu yakamiminika. Mwewe ameniita "mtu wetu wa Diani," kwa jina la ufuo wetu. Mtu wetu! Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Kahaso ameuliza nani kafa.

Alhamisi, 11 Machi

Wamenibana. Hoteli ilikuwa yake, ndiyo au siyo?

Nilikusudia kusema siyo. Naapa. Lakini yule mfuga nyuki akaandika kwamba kama sina la ziada, yuko mtu Mombasa anayeweza kuulizwa. Mombasa! Mtu wa Mombasa anajua nini kuhusu Galu? Moyo ulinienda mbio, vidole vikaenda mbio zaidi. Nikaandika: hoteli ilikuwa yake, kwa siri, kwa majina ya watu wengine.

Shangwe. Nikaongeza boti mbili za kuvulia samaki. Shangwe zaidi. Nikaongeza ng'ombe wa maziwa Kinango, ambako hata mbuzi huomba maji kwa jirani. Hakuna aliyeshtuka. Wazungu wanapenda ng'ombe.

Mutheu alipita saa sita. "Ziro, hii laini iko bize tangu asubuhi. Unaongea na nani, Ikulu?"

Nikamjibu kwamba waya una unyevu.

Jumamosi, 13 Machi

Mwewe ametumia neno "shahidi." Nimelisoma mpaka macho yakauma. Shahidi lazima apelekwe mahakamani. Mahakama iko Uingereza. Kwa hiyo!

Nimekwenda kwa fundi Chome kupimwa suti. Kijivu, vifungo vitatu. Nimemwambia atalipwa nikirudi. Chome ameuliza nikirudi kutoka wapi. Nimemwambia ni mambo ya serikali mbili.

Bahati mbaya Kitheka alikuwa pale kushonewa mfuko wa suruali. Huyu Kitheka tulifanya kazi pamoja, yeye baa, mimi mezani. Sasa anaendesha teksi yenye mlango mmoja unaofunguka. Ana kijicho nami tangu nilipokuwa kapteni wa wahudumu. Akacheka mbele za watu. "Kapteni? Ulishikilia tu, wakati kapteni mwenyewe ana malaria. Siku chache hizo unazitembeza mpaka leo."

Shahidi wa kimataifa hajibizani na dereva wa teksi.

Jioni nimeongeza boti mbili nyingine.

Jumatatu, 15 Machi

Balaa.

Mwewe si mwewe bure. Amekaa na maneno yangu Jumapili nzima wakati wenzake wako kanisani. Alhamisi boti ni mbili, Jumamosi ni nne, zimezaana? Ng'ombe wa maziwa wanakula nini Kinango? Ametazama ramani ya mvua! Na mhudumu wa meza alijuaje hoteli ni ya nani kwa siri?

Nikajibu kwa heshima kwamba sikuwa mhudumu tu, nilikuwa kapteni.

Akauliza: wa meli ipi?

Kufikia saa tisa walikuwa wamemsahau Frayle kabisa. Mada ni mimi. Ziro ni nani hasa? Anaishi kwa kazi gani? Majina hayo ya watu wengine, je, moja si lake? Mfuga nyuki ameandika kwamba bila shaka pesa za Frayle nimezificha mimi. Mimi! Benki ya Ukunda walinifungia akaunti kwa sababu ilikuwa na upweke.

Wanachambua uongo wangu mmoja mmoja kama mchele. Nimehisi niko uchi ufukweni, jua la mchana.

Jumanne, 16 Machi

Barua mbili kwenye kompyuta.

Ya kwanza inatoka kwa wakili wa Frayle. Kumbe naye husoma barazani! Mpole sana. Ananishukuru. Anasema maneno yangu yatamfaa mteja wake Ijumaa, siku ya kusikilizwa ombi la dhamana. Kama Frayle ni tajiri mwenye hoteli na boti, basi hakuwa na sababu ya kuua. Nilifurahi kwa muda wa kumeza mate. Kisha nikaisoma tena.

Ya pili ni fupi. Imeandikwa na dada wa yule mke aliyekufa, anaitwa Hester. Anasema marehemu ameacha binti wa miaka kumi na mitano, aliyezaa na mume wa kwanza. Binti huyo ndiye aliyesikia ugomvi pale juu ya ngazi, na ndiye aliyewaeleza polisi. Frayle anajua. Akitoka Ijumaa anarudi mji ule ule, mtaa ule ule. Mtoto hali chakula. Hester ameuliza swali moja tu: "Bwana, uliyoyasema ni kweli?"

Nimefunga ofisi mapema. Nimetembea mpaka Bongwe na kurudi bila kujua nilifuata nini.

Jumatano, 17 Machi

Nimeandika ukweli. Wote. Hakuna hoteli, hakuna boti hata ya karatasi, hakuna ng'ombe. Ni mtu tu aliyekunywa bila kulipa, akaitwa Bwana Kesho. Nikafikiri watapumua.

Hakuna aliyeniamini hata mmoja! Mwewe ameuliza nimelipwa kiasi gani nigeuze maneno. Mfuga nyuki anasema jina la Bwana Kesho limebuniwa vibaya. Ndilo neno la kweli pekee nililowapa wiki nzima!

Mchana nimemweleza Kahaso kila kitu. Alikuwa anakuna nazi. Hakukatiza kukuna.

"Huyo binti ni wa miaka mingapi, umesema?"

Nikamwambia.

Akakuna nazi mpaka ikaisha. Kisha akasema: "Mdomo wako umeshaharibika, Ziro. Kaazime wa mwenzio."

Nikauliza wa nani. Nilikuwa najua wa nani. Nikamwambia ni afadhali ninywe maji ya bahari. Akaniambia bahari ni ile pale, na nikimaliza kunywa niende kwa Kitheka.

Alhamisi, 18 Machi

Siku mbaya kuliko zote za maisha yangu.

Nimemkuta Kitheka kibandani kwa Bi Esha, muuza viazi karai. Mahali pamejaa watu. Nikamwomba tuzungumze kando. Akakataa. Alisikiliza hadithi yote huku akichovya kiazi kwenye ukwaju. Akasema ataandika, kwa sharti moja. Nisimame pale pale niseme sikuwa kapteni kamwe.

Nikasema nilishikilia.

Akachovya kiazi kingine.

Nikasema nilishikilia kwa muda mfupi.

"Nakusikia, lakini hawa hawakusikii."

Nikasimama. Nikamfikiria yule mtoto asiyekula. Nikasema, kwa sauti, mbele ya Bi Esha na wateja wake wote, kwamba mimi Ziro Garama sikuwa kapteni, nilibeba tu daftari la kapteni alipokuwa mgonjwa. Hapo Bi Esha akasema, "Mwanangu, hayo sote tuliyajua. Ongeza pilipili?"

Tangu kuzaliwa sijaumizwa hivyo.

Kitheka akanipeleka kwanza kwake. Kumbe lile sanduku bado analo! Bwana Kesho alipokuwa anataka kuondoka, meneja alimtaka aweke rehani ya deni, akaacha sanduku la ngozi la kijani lenye kufuli, akisema ndani mna vito vya mkewe. Tulipolivunja lilikuwa na mawe ya matumbawe yamevikwa soksi. Mimi siku hiyo nilichukua soksi. Kitheka alichukua sanduku. Sasa kuku wake wanataga humo.

Tukaenda ofisini. Yeye akisema, mimi nikichapa pale barazani kwa jina lake. Kiingereza chake ni cha baa, kifupi, hakina mapambo. Mgeni. Hakulipa. Aliacha sanduku. La kijani, pembe moja imeshonwa kwa uzi mwekundu. Mawe. Basi. Nikataka kuongeza jambo dogo tu kuhusu macho ya Frayle siku ile. Kitheka akanishika mkono.

Hester alijibu kabla hatujanyanyuka. Uzi mwekundu aliushona yeye mwenyewe! Sanduku ni la marehemu. Frayle alimwambia mkewe limeibwa uwanja wa ndege pamoja na vito vyake vyote, akadai bima, akalipwa.

Kitheka akauliza kama yule binti sasa atakula. Nikasema sijui. Tukaitazama kompyuta wote wawili kama watu wanaongoja maji yachemke.

Jumamosi, 20 Machi

Dhamana imekataliwa! Hester aliwapelekea polisi wa huko maneno ya Kitheka, nao wamewauliza wa hapa kuhusu sanduku. Askari wawili wamekuja kwa Kitheka kulichukua kwa makini, na mayai mawili ndani.

Hester ameandika kwamba binti amekula mkate na siagi, akalala. Nililisoma hilo peke yangu. Nikalisoma tena. Nikatoka nje nikasimama juani kidogo.

Kisha nikasoma yaliyobaki barazani. Kitheka mwaminifu! Kitheka mwenye macho! Mwewe amempa jina "mtu wetu wa Diani." Jina langu! Na nani aliyechapa? Nani aliyeanzisha? Kama mimi nisingesema uongo, nani angemtafuta Kitheka? Hakuna anayeliona hilo.

Chome amepita kuniuliza suti niichukue lini. Nimejificha nyuma ya mashine ya faksi.

Jumatatu, 22 Machi

Bili ya simu imefika. Mutheu aliisoma akiwa amesimama, akatafuta kiti, akaisoma akiwa amekaa.

"Ziro. Huu unyevu kwa waya umekunywa pesa ya miezi mitatu."

Nikamweleza kwamba nimesaidia kumzuia muuaji Uingereza. Akasema Uingereza watume malipo. Hatanifukuza, kwa sababu nikifukuzwa deni litalipwa na nani? Nitafanya kazi mpaka liishe. Kompyuta nisiisogelee. Nimehamishiwa kwenye fotokopi.

Nimemwahidi. Nimemwahidi Kahaso pia. Nimejifunza, nimesema, uongo ni mzigo na mwenye kuubeba ndiye anayechoka. Kahaso akasema samaki anapoa.

Jumatano, 24 Machi

Mutheu amekwenda Machakos mazikoni. Ameniachia ufunguo.

Nimeiwasha kompyuta ili vumbi lisiingie. Mashine ikikaa sana bila kuwashwa huharibika, kila mtu anajua.

Kuna baraza jipya, kubwa kuliko lile! Daktari wa meno wa Kanada. Mshirika wake wa biashara amekutwa amekufa ziwani. Daktari anadai utajiri wake unatoka kwenye machimbo ya vito Afrika Mashariki, na watu wanauliza kama yuko yeyote aliyewahi kumwona huku. Nimeitazama picha yake kwa makini sana. Simjui. Sijawahi kumwona mahali popote, hata kwa mbali.

Lakini wanauliza kwa adabu, maskini, na hakuna anayewajibu.

Nimewaandikia kwamba nilikuwa dereva wake. Sijui kuendesha gari, ila hilo hawakuuliza. Wameuliza gari lilikuwa la rangi gani.

Nimewajibu wasubiri kidogo, nakumbuka.