Habari Kuu ya Fundi Makochi na Punda Aliyeshonwa Kinyume

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, enyi wenye watoto na mliowahi kuwa watoto. Acheni sufuria zichemke zenyewe na simu zilie zitakavyo, maana leo nawasimulia vita vilivyopiganwa sebuleni, Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, baina ya mtu mzima mwenye kitabu na mabinti wawili wenye mambo yao. Damu haikumwagika. Juisi ilimwagika, nusu glasi, na doa lake lipo pale hata leo. Naiomba kalamu yangu isitetemeke na ulimi wangu usipunguze neno, ingawa ukiongeza mawili matatu sitaukemea.

Shujaa wetu alikuwa fundi makochi, simba wa sponji, jemadari wa misumari midogo, ambaye mkono wake ulifufua viti vilivyokwisha kukatiwa tamaa na ukoo mzima. Wakubwa kwa wadogo walikalia kazi yake bila kujua. Hakuogopa kochi, wala mwenye kochi, wala mbwa wa mwenye kochi. Lakini siku ile alikuwa na hofu, tena hofu kubwa, na chanzo chake kilikuwa boksi la sabuni.

Ndani ya boksi lile mlikuwa na vitabu vya utoto wake, vilivyoletwa pale mama yake alipohamia kwa dada wa fundi. Kwa miezi minne boksi lilikalia rafu ya nguo za watoto, na nguo za watoto zikakalia kila mahali pengine. Ndipo mkewe, malkia wa nyumba, mwenye neno lisilorudi, alipotoa hukumu siku ya Jumatano: Jumamosi saa kumi mwalimu jirani atakuja kulichukua boksi alipeleke shuleni. Kitabu kitakachoombwa na mtoto kwa mdomo wake mwenyewe, bila kusukumwa, kitabaki. Vingine vyote safari njema. Fundi akajaribu kuuliza kwa sauti ya chini, je, na yeye akiomba kimoja?

"Wewe si mtoto," akasema mkewe, akaendelea kukunja mashuka.

Fundi alicheka, lakini ndani aliumia, nami siwafichi. Katika boksi lile mlikuwa na kitabu cha punda. Ndicho kilichomfundisha kusoma, ndicho alichokilalia kama mto, na tangu siku binti yake wa kwanza alipozaliwa alikuwa akingoja afike umri wa kukifahamu ili wakisome pamoja. Sasa binti ana miaka tisa, na kila alipoonyeshwa jalada lake alisema "baadaye, Baba," kwa upole ule ule ambao watu wazima humwambia mwombaji mlangoni.

Basi saa nane juu ya alama, shujaa akajifunga kibwebwe. Akazima televisheni, akaketi juu ya kochi la mteja lisilokuwa bado na kitambaa, akawaita majeshi ya upande wa pili. Wa kwanza kufika alikuwa Mkaguzi, yule wa miaka tisa, ambaye hakuna mkate uliowahi kukatwa katika nyumba ile bila yeye kulinganisha vipande. Wa pili alikuwa Kimbunga, wa miaka sita, aliyeingia akirukaruka na glasi ya juisi mkononi, na habari za juisi mmekwisha kuzisikia.

Fundi akasimama, akatanua kifua, akanena: "Enyi binti zangu, nuru ya macho yangu. Leo nawafungulia hazina niliyoitunza tangu nikiwa mfupi kuliko meza hii. Humu mna mito na milima, mna machozi na kicheko, na mna mnyama mmoja ambaye ushujaa wake haujapata kusimuliwa ukaisha."

"Baba, unaongea kama redio," akasema Kimbunga.

Mashambulizi ya kwanza yalishindwa vibaya. Fundi alitanguliza kitabu cha watoto wawili wenye adabu wanaonawa mikono, na kufikia ukurasa wa tatu Kimbunga alikuwa amekwenda kunywa maji mara mbili, na Mkaguzi akauliza kama watoto wale wangefanya jambo lolote lingine. Hawakufanya. Akatoa cha pili, cha meli, lakini mchwa walikwisha kukisoma kabla yao na walikuwa wamebakiza nanga. Kijasho chembamba kikamtoka shujaa. Saa ya ukutani ikaonyesha saa tisa kasoro kumi. Hapo akapiga moyo konde na kumtoa punda.

Kilikuwa kitabu chembamba, jalada limepauka, na ubavuni kimeshonwa kwa uzi mwekundu wa cherehani, kwa mkono wa mama yake, miaka thelathini na mitano iliyopita. Kilihusu punda aliyeamka asubuhi akakuta hana sauti, akatoka kwenda kuitafuta. Fundi hakuhitaji kukitazama, alikwisha kukihifadhi kifuani. Akasoma jinsi punda alivyoondoka nyumbani akiwa bubu, na papo hapo, ukurasa uliofuata, jinsi kijiji kizima kilivyompokea kwa vigelegele akilia kwa sauti kuu. Akasoma jinsi punda huyo huyo, bubu tena, alivyomwuliza jogoo kama ameiona sauti yake, na jogoo akafikiri sana, akapiga mwayo, akalala. Akasoma mto uliojaa. Hatimaye akafika ukurasa wa mwisho kabisa, ambapo chui anatokea kichakani, anamsogelea punda na kufungua kinywa. Hapo kitabu kinakwisha.

Kimbunga alikuwa hajaenda kunywa maji. Aliuliza chui alisema nini.

"Hilo ndilo jambo lenyewe," akasema fundi, na sauti yake ikapanda. "Hakuna ajuaye. Nilipokuwa mdogo, mimi na bibi yenu tulikuwa tukimsemea. Siku moja aliomba radhi. Siku nyingine aliuliza njia ya kwenda hospitali. Mara moja aliimba."

Laiti tarumbeta zingelia hapo na mambo yakaisha. Lakini Mkaguzi alikuwa amekichukua kitabu, na kidole chake kilikuwa kinapita pembeni chini, penye tarakimu ndogo ambazo mwenye kukijua kitabu hana haja ya kuzitazama. Akauliza kwa nini ukurasa wa ishirini na saba unafuata wa pili. Akauliza tena kwa nini baada ya kumi ni ishirini na tatu, na wa ishirini na mbili uko mwisho kabisa. Kisha akatoa hukumu kwa huruma, jambo lililoumiza zaidi.

"Baba, hiki kimeshonwa vibaya. Jogoo hakupiga mwayo. Ni chui."

Shujaa akakodoa macho. Yeye, aliyeweza kumwambia mteja kwa kugusa tu ni mguu gani wa kochi uliowekwa kinyume, alikuwa ameishi miaka thelathini na mitano na jogoo mwenye usingizi na hakuwahi kushuku. Akachukua simu akampigia mama yake. Mama hakukana.

"Karatasi zilikuwa zimemwagika sakafuni, wewe unalia, chungu kinaungua," akasema. "Nikashona nilivyookota. Kosa nililiona kesho yake, lakini ulikuwa umeshakipenda, mwanangu. Nikaogopa kufumua."

Fundi akakata simu. Alijiona mpumbavu, na wakati huo huo alijisikia ametunzwa kwa namna ambayo hakuwahi kuijua, na hayo mawili yalimjaa kifuani kwa pamoja. Mkaguzi akauliza kama anaweza kukipanga upya. Oneni sasa ukubwa wa mtihani. Akikataa, binti atakiacha, maana hajapata kupenda kitu kilichokosewa. Akikubali, punda aliyemlea atakwisha. Saa ilikuwa tisa na dakika ishirini.

Akaleta mkasi mdogo wa kazi na akamkabidhi.

Binti akafumua uzi mwekundu, tundu moja baada ya jingine, huku baba akitazama pembeni kama mtu anayechomwa sindano. Karatasi zikapangwa sakafuni moja mpaka mwisho, na Mkaguzi mwenyewe akazisoma kwa sauti. Punda akapotewa na sauti. Akamwuliza jogoo, jogoo akasema hajui. Akavuka mto. Chui akatokea, akafungua kinywa, akapiga mwayo, akalala. Punda akacheka, sauti ikarudi, akaenda nyumbani, wakampokea.

Kimbunga alikuwa amekwisha kusimama.

"Kumbe alikuwa na usingizi tu," akasema, na katika historia ya uhakiki hapajatolewa hukumu kali kuliko hiyo. Akatoka kwenda kunywa maji.

Mkaguzi alibaki amechuchumaa juu ya karatasi zake zilizonyooka. Kila namba ilikuwa mahali pake, na uso wake haukuwa na furaha hata chembe. Nawaapia, ndimi elfu zilimwasha fundi mdomoni, lakini alikumbuka sharti la kutosukuma, akaung'ata ulimi wake kiume. Binti akaiinua karatasi ya chui mwenye kinywa wazi. Akaitazama upande huu, akaigeuza, akaitazama tena. Polepole, kwa mkono ulioonekana kuona haya, akaichukua akaiweka mwisho kabisa.

"Labda alitaka kumkopa kitu," akasema.

"Kitu gani?" akauliza baba, kwa sauti ambayo isingemwamsha hata nzi.

"Masikio. Ya kwake madogo."

Kutoka jikoni mbio zikasikika, na Kimbunga akaingia kwa kishindo akisema hapana, chui alimeza sauti ya punda tangu asubuhi, na sasa akifungua kinywa tu inatoka yenyewe, na ndiyo maana hataki kuongea mbele za watu. Mkaguzi akacheka mpaka akalala chali juu ya sakafu, akapinga, akaongeza. Wakamfanya chui alie kama punda sokoni, wakamfanya atapike masikio, wakamlaza jogoo tena mahali pake kwa sababu bila mwayo wake, alisema Mkaguzi, pale katikati panakuwa na haraka mno. Fundi alicheka hadi sponji za mteja zikaruka chini yake.

Ndipo akainuka na kuitwaa sindano yake iliyopinda, ile inayopenya ngozi na mbao laini, akatunga uzi imara wa makochi. Binti akamshikia karatasi na kumwamuru: pili, kisha ishirini na saba. Kumi, kisha ishirini na tatu. Chui mwisho. Na fundi yule, aliyewahi kufumua kazi ya siku mbili kwa sababu ya mshono mmoja uliopinda, akashona kosa lile tundu kwa tundu, kwa makusudi, kwa uangalifu ambao hata kiti cha mkuu wa mahakama hakikuwahi kuupata.

Saa kumi mwalimu jirani akabisha hodi. Malkia akatoka na boksi, akanyoosha mkono kwa kitabu kilichokuwa magotini mwa Mkaguzi.

"Hiki hakiendi, Mama," akasema binti. "Nakiomba."

Mama akamtazama mumewe, ambaye kwa ghafla alikuwa na kazi nyingi sana upande wa nyuma wa kochi. Akamwuliza mtoto kama amesukumwa.

"Hapana. Ila Baba asikisome tena, anasoma kama redio. Kesho nitasoma mimi, na yeye atakaa pale na Kimbunga, na zamu yake ikifika atasema chui amesema nini."

Enyi waandishi wa nyakati, mlioandika miji iliyotekwa na wafalme waliopinduliwa, tafuteni nafasi katika vitabu vyenu, na kama haipo futeni mfalme mmoja. Andikeni ya kwamba Jumamosi ile, saa kumi na dakika tano, boksi la sabuni liliondoka pungufu ya kitabu kimoja. Andikeni kwamba fundi makochi alishushwa cheo nyumbani mwake kutoka msomaji hadi msikilizaji, na kwamba Jumapili aliamka kabla ya watu wote, akanawa uso, akaenda kukaa mahali alipoelekezwa.