Daktari wa Maji ya Buluu

Onesphory hakuwa daktari. Alikuwa amefagia wodi miaka sita, lakini masikio yake hayakuwahi kwenda likizo. Kwa hiyo siku alipopita nyuma ya nyumba ya Gabrieli, meneja wa duka la ushirika pale Magomeni, Kilosa, akaona sisimizi wamepanga mstari kuelekea chooni, alisimama akavua kofia kwa heshima. Mwaka ule wa sabini na nne sukari ilikuwa haionekani dukani. Sisimizi walijua ilikopitia.

Kesho yake asubuhi akabisha hodi, amevaa koti jeupe, mkononi taa ya spiriti na kichupa cha maji ya buluu. Akatia matone ya mkojo wa Gabrieli, akachemsha. Buluu ikageuka rangi ya tofali.

"Una kisukari, ndugu meneja."

Gabrieli akakaa chini. Mkewe, Costancia, akasogea na mwiko wake mkononi.

"Kongosho lako," akaeleza Onesphory, "ni kama ofisi ya kijiji cha ujamaa. Yumo karani anaitwa insulini, kazi yake kuingiza sukari ghalani. Ukila ugali na chai tamu, mzigo unakuja lori zima kwa mpigo, karani anazidiwa. Ukila mayai au maharage, unafika kwa baiskeli, kidogo kidogo."

"Na mtu akishinda na njaa?" akauliza Costancia.

"Yupo karani wa pili, glukagoni. Huyo hufungua ghala na kutoa akiba."

Yote hayo yalikuwa kweli. Uongo ulikuwa kwenye chupa ya dawa: maji ya mwarobaini matupu.

"Unywe wiki nzima. Ila dawa hii inagombana na ugali, wali na sukari. Kula mayai, mchicha, samaki, na maharage kidogo."

Malipo yakawa gunia la sukari, lile ambalo meneja aliwaambia wananchi halijafika.

Wiki ikaisha, mkojo ukachemshwa, buluu ikabaki buluu. Gabrieli nusura alie. Costancia mwenyewe akashona mdomo wa gunia, akalisindikiza hadi kwenye lori.

Onesphory alipofika nalo Mikumi, mnunuzi wake Cleopa, mwenye mgahawa, alikuwa akiusubiri mzigo. Wakafungua. Juu, sukari ya kujaza viganja viwili. Chini, pumba za mahindi. Cleopa alilitazama lile koti jeupe, akafunga mlango.

Onesphory akarudi Magomeni na hasira zake. Barazani kwa Gabrieli akakuta foleni ya akina mama, kila mmoja na yai, na Costancia kwenye kigoda akieleza habari za karani na lori.

"Shemeji, gunia lile lilikuwa pumba."

"Na chupa yako ilikuwa mwarobaini. Niliimwaga siku ileile. Mume wangu amekunywa chai ya rangi bila sukari, na chakula ulichosema."

"Sukari yenyewe iko wapi?"

"Imefika dukani juzi. Wananchi wamegawiwa, meneja akapongezwa mkutanoni."

"Nitakushtaki."

"Ofisi ile pale. Uwaeleze sukari ya ushirika uliipataje." Akamwonyesha kwa mwiko mwisho wa foleni. "Au kama unataka ushauri, simama nyuma ya yule mama. Mkojo sipimi. Napokea yai."

Onesphory hata yai hakuwa nalo.