Mgeni Rasmi Atangulie

Tumetangaziwa, nasi tumepokea kwa mikono miwili: hospitali yetu ina kamera nyembamba kama sindano, inayoingia ndani ya jicho kuangalia kilichojificha nyuma ya mboni. Kamera hiyo ilikuwepo tangu zamani. Ilifungiwa kabatini ikisubiri kuzinduliwa.

Utaratibu wetu ni mzuri. Hakuna kifaa kinachomgusa mgonjwa kabla mgeni rasmi hajakitumia yeye mwenyewe. Kiti cha magurudumu alikiendesha mheshimiwa. Kitanda cha kujifungulia alikilalia mheshimiwa, tukampigia makofi.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ni fundi cherehani. Sindano ilimkatikia, kipande kikamrukia jichoni. Jicho likaingia ukungu mbele, daktari akawa haoni ndani.

"Bila kamera ile," alisema, "jicho hili linakwenda."

Wifi akaambiwa asubiri uzinduzi. Nikabaki kumwombea kwa Mungu, maana kamati ilikuwa bado inachagua rangi ya utepe.

Siku ikafika. Mheshimiwa akakata utepe. Daktari akavaa glavu.

"Karibu mheshimiwa, ulale hapa."

"Nilale ya nini?"

"Uitumie kwanza. Tunatoboa jicho kidogo tu, pembeni."

"Jicho la nani?"

"La mgeni rasmi. Ndiyo utaratibu."

Mheshimiwa akamtazama msaidizi wake. Msaidizi akatazama viatu vyake.

"Lala tu, baba," wifi akamtuliza. "Mimi niko nyuma yako."

Mheshimiwa akanyakua kipaza sauti. Kwa sauti inayotetemeka kwa uzalendo akatoa agizo: kuanzia saa hiyo, mahali popote, katika jambo lolote, wananchi kwanza, viongozi baadaye. Atakayekaidi atachukuliwa hatua kali.

Wifi akaingizwa chumba cha upasuaji. Kipande kikaonekana kwenye skrini, kikatolewa, jicho likapona. Nilipiga magoti pale pale koridoni.

Nilipotoka nje, chakula cha wageni kilikuwa tayari chini ya hema. Mheshimiwa alisimama mbele kabisa na sahani yake. Mpishi akarudisha upawa nyuma.

"Agizo, mheshimiwa."

Akasogea nyuma. Wagonjwa wakapita, walinzi wakapita, hata waliokuja kushangaa tu. Sisi ni watu watiifu: aliyemaliza alirudi tena mstarini, kwani bado alikuwa mwananchi. Zamu yangu ilipofika nikachukua na ya wifi. Upawa ukakwaruza sufuria.

"Pole, baba," nikamwambia mheshimiwa. "Agizo lako linafanya kazi vizuri sana."