Leseni Mpya Inayosomeka Vizuri

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa macho kamwambia Baba asiguse usukani tena. Miaka ishirini na sita kwenye gari la mikate, leo kazimikiwa na taa za mbele. Nimemtania hivyo. Hakucheka. Nimecheka peke yangu, kisha nikaacha.

Mwenye bekari muungwana. Kiti cha Baba atakishikilia mpaka Ijumaa, kije kwa mwanawe, yaani mimi, dereva wa kuzaliwa. Sharti moja: leseni safi. La sivyo anapewa Kalamu, mpakiaji wa kreti, mtoto wa jirani. Anatembea na kalamu mfukoni kana kwamba kuna watu wanamngoja asaini!

Yangu si safi. Mwaka jana nilipatikana na hatia ya kuendesha nikiwa nimelewa. Mchana kweupe, ukuta wa zahanati ukanijia. Baba alikuwa pembeni yangu. Ana kovu kwenye paji la uso. Hajawahi kulitaja. Huvuta kofia tu.

Jumanne, 5 Machi

Ofisi ya leseni, dirisha la tatu. Nimemwuliza karani hatia kama ile hukaa muda gani. Nauliza kwa niaba ya rafiki. Kasema miaka kumi kwenye leseni. Kwenye jalada la mahakama haitoki kabisa. Nikamwambia, dada, kumi! Hata ndoa ya binamu yangu haikufika huko. Akasema basi nimwambie huyo rafiki atembee kwa miguu, mdogo wangu, ni afya.

Mdogo wake nani?

Jumatano, 6 Machi

Akili imefunguka! Leseni ikipotea, unapewa mpya. Na kitu kipya kina uchafu gani? Ya zamani nimeitia kwenye jiko la mkaa. Imenuka vibaya. Dada yangu kauliza nachoma nini. Nikasema, mambo yaliyopita.

Kituoni sajini kauliza imepotelea wapi. Nikasema ningejua, afande, ningekwenda kuichukua. Kaniangalia sana, lakini kaandika.

Nimemwambia Baba mambo yamenyooka. Basi kanikalisha jioni nzima, kanifundisha njia yake yote, macho kayafumba. Duka gani huchelewa kufungua. Bibi gani hawezi kushuka ngazi, mkate wake uachwe dirishani. Gia ya tatu ibembelezwe, isilazimishwe. Sijamwona na furaha hivyo tangu mwaka jana.

Alhamisi, 7 Machi

Imetoka! Inang'aa, na picha nimetoka mtanashati. Nikaigeuza. Nyuma, herufi nyeusi nene: AMEHUKUMIWA KWA KUENDESHA AKIWA AMELEWA. Na mwaka wa kuisha, mbali huko.

Kompyuta hazisahau! Ile ya zamani ilifuliwa ndani ya suruali mara mbili. Muhuri wa hatia ulikuwa umefutika, hata trafiki walishindwa kuusoma. Nimechoma leseni safi kwa mkono wangu mwenyewe.

Karani kanipongeza. Kasema sasa inasomeka, mdogo wangu.

Ijumaa, 8 Machi

Mwenye bekari kaisoma bila hata kuvaa miwani. Kasema nimsamehe, gari lake linapita mbele ya shule mbili.

Baba akaomba. Sijawahi kumsikia Baba akiomba. Kasema kosa lile liandikwe kwake, yeye ndiye aliyenituma niendeshe siku ile. Uongo mtupu. Siku ile alinisihi nimpe ufunguo, nikamwambia mzee, tulia.

Mwenye bekari akatazama viatu vyake. Kisha akamwita Kalamu.

Baba kapanda naye garini, kamweleza yote: maduka, bibi wa dirishani, gia ya tatu. Kalamu anaitikia ndiyo mzee wangu, ndiyo mzee wangu, huku anaandika. Kamshika Baba mkono wakati wa kushuka. Mimi nilisimama nimebeba kreti tupu, sijui ya nini.

Nyumbani Baba kakaa kitandani na viatu vyake miguuni. Nikataka kumwambia nisamehe. Nikamwambia Kalamu anashika usukani kama mtu aliyebeba sinia la chai. Kageukia ukutani.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepata dawa! Kalamu naye akipata hatia, tutakuwa sare. Hapo mwenye bekari itabidi achague kwa kipaji, na kipaji kiko kwa nani?

Nimemwalika kesho mchana nje ya mji, tumpongeze. Kafurahi, maskini. Kasema alidhani namchukia. Chupa mbili tayari, gari la binamu nimeazima. Akishachangamka, namkabidhi usukani, trafiki wako pale kwenye mzunguko wanamsubiri.

Dada kauliza je, Kalamu akikataa kuendesha? Maswali ya kitoto! Akikataa nitashika usukani mimi mwenyewe, nimrudishe kwao. Nikishapiga mbili tatu ndipo mkono wangu hutulia.