Shangazi Ametia Sahihi

Jumatatu, 2 Machi

Barua imefika kutoka makao makuu. Meneja wa nyumba yetu ya wazee anastaafu mwezi Juni, na msaidizi atakayeleta mpango bora wa kuwahudumia wazee ndiye atakayefikiriwa kukalia kiti chake. Sharti ni moja. Mpango ubuniwe pamoja na wazee wenyewe, wakae kwenye kamati, waseme, watie sahihi.

Wasaidizi tuko wawili. Mimi, naibu upande wa utawala, miaka hamsini na miwili, kitambi cha wastani. Na Muuguzi Mkuu, ambaye hana kitambi wala mzaha.

Mchana nilimkuta ameshaanza. Amekaa pembeni mwa kitanda cha mzee mmoja, daftari mapajani, anamuuliza huamka saa ngapi na angependa kuamka saa ngapi. Dakika arobaini kwa mtu mmoja! Na wazee wako sitini na wanne. Nikamwambia kwa mwendo huo atamaliza siku ambayo naye atakuwa anatafuta kitanda humu. Akasema hilo nalo si baya, angalau atakuta pamerekebishwa.

Mpango wangu uko tayari kichwani. Wasioona vizuri na wasiotembea, wote ghorofa ya chini, milango ya njano. Wenye macho na miguu yao, ghorofa ya juu, milango ya kijani. Kila ghorofa itakula kwenye ukumbi wake. Wahudumu hawatapanda ngazi ovyo. Kazi imekwisha. Kilichobaki ni kupata wazee wa kuubuni.

Jumanne, 3 Machi

Kamati imepatikana. Watu watatu, nimewachagua kwa makini.

Wa kwanza ni dereva mstaafu. Ana tatizo la shingo la siku nyingi, hivyo kichwa chake hukubali kila kitu bila yeye kushirikishwa. Wa pili ni mpiga chapa mstaafu, ambaye ukimketisha tu amelala. Wa tatu ni Shangazi.

Shangazi ni dada wa marehemu baba, fundi cherehani wa zamani, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Huu ni mwaka wake wa pili humu ndani. Anakaa ghorofa ya juu, chumba kimoja na Mwalimu. Mwalimu alifundisha jiografia miaka thelathini na sita, na sasa macho yamemwisha kabisa. Shangazi ndiye macho yake. Ukipita ukumbini wakati wa chakula utamsikia akimpangia sahani: nyama iko mashariki, shoga, maharage kusini, wali umeziba magharibi yote, na kaskazini kuna kachumbari kidogo, iendee taratibu. Mwalimu anakwenda na kijiko chake bila kukosea. Siku mchuzi ukimwagika, Shangazi humtangazia kwamba kuna mafuriko.

Nimemchagua Shangazi kwa sababu ni damu yangu. Hawezi kuniaibisha mbele ya watu.

Alhamisi, 5 Machi

Kikao kimefanyika. Muhtasari wake niliuandika jana, kuokoa muda. Wajumbe walijadili kwa kina, wakaupokea mpango kwa furaha, mjumbe mmoja akasifu rangi.

Dereva alikubali tangu mlangoni. Mpiga chapa aliamka mara moja, akauliza kama chai tayari, akarudi alikotoka.

Shangazi alikuja bila miwani. Mkono wa miwani hiyo umevunjika, na ameomba atengenezewe tangu Januari. (Barua ya maombi iko mezani kwangu, nikumbuke.) Akaniambia nimsomee. Nikamsomea ukurasa wa kwanza, wa taa za korido na vishikio vya bafuni. Akafurahi. Akasema vishikio ni jambo la maana, ila visiwe juu kama vya sasa, vimewekwa kwa ajili ya twiga. Nikasema tutalitazama. Sikuliandika, maana muhtasari ulikuwa umeshapigwa chapa.

Akauliza kurasa zilizobaki zina nini. Nikamwambia ni mambo ya rangi za milango. Si uongo. Akauliza kama kuna linalomgusa Mwalimu, kwa sababu akirudi chumbani ataulizwa. Nikasema yote ni kwa faida ya Mwalimu.

Akashika kalamu. Akasema mwanangu akisema nitie, natia. Akatia.

Nilihisi kitu kidogo hapa kifuani. Nikavisingizia vitumbua vya saa nne.

Jumatatu, 9 Machi

Meneja ameupitisha mpango kwa majaribio. Ameupenda mno. Muuguzi Mkuu alikuwa amefika mzee wa ishirini na tatu. Nikampa pole. Akaniuliza kama kamati yangu ilijua inachosaini. Nikajifanya napokea simu.

Saa tano wamemhamisha Mwalimu. Sanduku moja, redio moja, ramani ya dunia iliyokunjwa ambayo hawezi tena kuiona. Shangazi alisimama mlangoni akauliza nani aliyeamua. Meneja, kwa heshima zote, akamwonyesha karatasi. Akampa na miwani yake mwenyewe asomee.

Shangazi alisoma hadi mwisho. Akasema mwandiko ni wake, hana ubishi. Akarudisha miwani.

Nilitegemea anifokee. Nilishajipangia hata majibu. Hakunifokea. Aliponipita kwenye korido alinisalimu vizuri sana, akaniita Bwana Naibu.

Tangu nizaliwe hajawahi kuniita hivyo. Nimeshindwa kumaliza chakula cha mchana, na mke wangu anajua hilo halijawahi kutokea.

Ijumaa, 13 Machi

Kwenye kitabu cha wahudumu wa chini kuna maneno haya kwa siku nne mfululizo: Mwalimu, hamu ya kula imepungua, anaacha nusu ya chakula.

Nikashuka kujionea. Wamemwekea sahani, wakamshika mkono hadi kwenye kijiko, wakaondoka kumhudumia mwingine. Akala upande wa kusini wote, safi. Kaskazini hakugusa. Nyama ilikuwa kaskazini. Hakuna aliyemwambia.

Mhudumu alipokuja kuondoa sahani akamuuliza ameshiba. Mwalimu akasema ameshiba, asante. Mtu aliyefundisha watoto wa watu miaka yote hiyo hawezi kuanza kupapasa sahani kwa vidole mbele ya wageni.

Muuguzi Mkuu alikuwa nyuma yangu. Akasema bila kupandisha sauti kwamba dawa ya jambo hili ni dakika kumi. Niende kwa Meneja, nimwambie kamati haikusomewa ukurasa wa pili. Mpango usimamishwe, kina mama hao wawili warudi chumba kimoja. Hatamwambia mtu mwingine, ananiachia mimi.

Nilikwenda hadi mlangoni kwa Meneja. Nikainua mkono nibishe hodi. Nikakumbuka mwezi Juni. Nikamuuliza katibu wake kama wana karatasi za ziada.

Jumatatu, 16 Machi

Nimepata ufumbuzi. Nimemrekodi Shangazi kwenye simu! Nilimwambia ni kwa ajili ya kumbukumbu za ukoo. Akatazama simu, akanitazama mimi, akasema kama ni za ukoo basi anaanza na kisa cha mimi kujificha ndani ya pipa la nafaka. Nikamsihi aseme tu nyama mashariki, maharage kusini, wali magharibi. Akasema, kwa kuwa Bwana Naibu ameagiza.

Saa saba nikaiweka simu mezani kwa Mwalimu na kubonyeza. Jikoni nilikuwa nimesahau kuwaambia. Leo hapakuwa na nyama wala maharage. Palikuwa na supu.

Mwalimu aliisikiliza sauti hadi mwisho. Akaingiza kijiko mashariki, akakuta bahari. Magharibi, bahari. Akatabasamu kidogo, akasema shoga yake siku hizi amekuwa kama vile vitabu vya ramani vya zamani walivyoletewa shuleni, vina mipaka ya nchi ambazo hazipo tena. Kisha akanigeukia, mahali nilipokuwa hasa, akaniuliza kwa nini nahangaika hivi ilhali ningeweza kumuuliza.

Nikamuuliza nimuulize nini. Akasema, niulize nataka nini.

Kengele ya dawa ikalia. Nilishukuru.

Jumatano, 18 Machi

Shangazi hawezi kutembea.

Imetokea asubuhi. Alikataa kushuka kitandani, akasema miguu imekataa amri. Daktari amemgonga magoti, ameyageuza, amekuna kichwa. Haoni kitu, lakini mtu wa miaka sabini na tisa akisema hawezi, utamwambia anaweza? Amepewa kiti cha magurudumu. Na kwa mujibu wa mpango, ukurasa wa pili, asiyetembea anakaa chini.

Kufika mchana alikuwa ameshahamia. Chumba cha Mwalimu kilikuwa na kitanda kitupu.

Nilipita ukumbini wakati wa chakula. Nikasikia: samaki kaskazini mashariki, shoga, amelala na mkia wake, jihadhari na miiba pwani. Mwalimu alimaliza sahani. Akaomba nyongeza.

Nilisimama nyuma ya nguzo kama mwizi wa kuku. Chini ya blanketi mguu wa Shangazi ulikuwa unapiga, juu chini, juu chini, kama unaendesha cherehani.

Ijumaa, 20 Machi

Nilimpelekea miwani, nimeitengeneza kwa gharama yangu. Nikamwambia kwa upole kwamba nimeuona mguu wake. Hakukana. Akasema kila asubuhi alikuwa anazunguka bustani mara sita, na sasa haizunguki, basi. Mwalimu alipoteza macho bila kuulizwa. Yeye miguu yake ameitoa mwenyewe, tena kwa kufuata karatasi aliyoisaini. Afadhali kidogo.

Akasema daktari ameonya kwamba mguu usipotumika hunyauka. Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya kitambaa. Akavaa miwani, akanitazama muda mrefu. Akasema nimezeeka.

Nikataka kumwambia nisamehe. Badala yake nikamuuliza kama kiti kinamtosha.

Jumapili, 22 Machi

Nimekaa siku mbili na aibu yangu. Sikwenda popote, sikumcheka mtu. Nimekiri mbele ya nafsi yangu kwamba nimekosea. Shangazi hawezi kuozea kwenye kile kiti kwa sababu yangu. Lazima nirekebishe, na safari hii nitafanya kwa moyo mweupe.

Nimeshaandika kila kitu. Kuanzia kesho Shangazi anaingia kwenye mazoezi ya viungo, mara tatu kwa siku, na mtaalamu wa kutoka nje. Mafanikio ni ya uhakika, maana miguu haina ugonjwa. Kufika mwisho wa mwezi atakuwa amesimama, na makao makuu wamekubali kuja kushuhudia. Siku hiyo nitamwomba radhi mbele ya watu wote, nikiwa nimemshika mkono, huku akipanda ngazi mwenyewe kurudi kwenye chumba chake cha juu.

Sijamwambia. Nataka iwe furaha ya ghafla.