Dorika wa Masasi na Pembe Iliyokataa Kutii

Jongeeni, enyi watu wa Masasi na Newala, enyi wa Chiwata wenye vumbi miguuni, enyi wa Lupaso mlioinamia palizi ya mikorosho! Zimeni redio, waacheni kuku wajitafutie, mnipe masikio yenu yote mawili. Ninasimulia vita vya Dorika binti Nikolao, mpima visivyoonekana, mtuliza mashine, aliyepigana na pembe moja asubuhi nzima pasipo kumwagika damu hata tone.

Katika karakana moja mjini Masasi, alikofanya kazi Dorika, chumba cha nyuma, ilikaa mashine ya kupimia vyuma. Meza yake ni jiwe jeusi. Mkono wake mrefu hushuka kutoka juu, na mwisho wa mkono kuna kidole chembamba chenye kipira cha yakuti nyekundu. Kidole hicho kikigusa chuma, mashine hutambua kila tundu lilipo, kwa usahihi ambao unywele mbele yake ni gogo. Nacho hugeuka kitazame chini, kushoto, kulia, mbele na nyuma. Lakini kila pembe, yaani kila upande kidole kinakogeukia, lazima kwanza ihakikiwe kwa kugusa tufe jeupe lililosimama juu ya kijiti, la sivyo mashine husema uongo kwa uso mkavu.

Sasa basi, siku moja kabla ya vita hivi fundi mkuu Ambrosi, yaani Baba Loveness, simba wa tupa na msumeno, aliponyokwa na chuma kikakivunja kidole cha mashine. Kikafungwa kipya, na uaminifu wa pembe zote ukaporomoka kama ukuta wa udongo katika masika.

Na asubuhi ya vita yenyewe akaingia Priska, mwenyekiti wa kina mama wabangua korosho wa Newala.

“Shikamoo, Mama Dickson,” Dorika akamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Nimefuata bamba letu jipya la mashine ya kubangulia. Lile la kwanza matundu yake yalikwenda upande, visu vikapinda, korosho zikatoka vipande vitupu. Wenzangu wamekaa wanatazamana. Hili la pili likiharibika, kikundi kinavunjika. Basi la Newala limeshaanza kuita abiria.”

Dorika alikuwa hajawahi kuhakiki pembe peke yake. Lakini akaifunga kofia yake kama afungaye chapeo, akasogea mbele ya kompyuta, akasema kwa sauti ya majemadari, “Ewe kidole, shuka!”

Kidole kikashuka. Pembe ya chini, mama wa pembe zote, ikalibusu tufe, ikasalimu amri. Kushoto ikanyenyekea. Kulia ikapiga magoti. Mbele ikaja yenyewe bila kuitwa. Ikabaki ya nyuma, jeuri, mwana wa majeuri. Kidole kikainama, kikajongea, na ti! kikagonga kijiti. Mashine ikapiga kelele, kioo cha kompyuta kikawa chekundu. Dorika akarudia. Ti! Akarudia tena. Ti!

“Mwanangu,” Ambrosi akanong’ona, “nne zimekubali. Hiyo moja tuiruke. Nani atajua?”

Priska akainuka, kanga ikapepea kama bendera ya taifa. “Mimi nitajua, Baba Loveness! Ataijua kila mwanamke wa Newala atakayekuta korosho iliyovunjika mkononi! Watu wa Tandahimba watatucheka mpaka wakae chini! Hairukwi!”

“Hairukwi,” Dorika akaitikia.

Akachuchumaa, jicho lake sawa na tufe, akatazama kama mwindaji atazamavyo kichaka. Lo! Kijiti kilikuwa kimeinamia nyuma, kimeziba njia ambayo kidole kilitakiwa kupita. Dawa ni kukigeuza. Lakini, enyi wasikilizaji, tufe likihama pembe zilizokubali hazijui habari hiyo. Lazima mama wa pembe alisalimie upya mahali pake papya, nazo nyingine zifuate. Ushindi wote wa asubuhi utupwe! Nje, honi ya basi ikalia. Dorika akafumba macho, akalegeza skrubu, akageuza kijiti.

Akaanza upya. Chini. Kushoto. Kulia. Mbele. Ambrosi akasogea karibu. Kidole kikageukia nyuma, kikateleza kando ya kijiti, kikagusa tufe taratibu kama mkwe mpya apokeaye kikombe, kikagusa tena, na tena. Kioo kikawa kijani.

Vigelegele! Priska alipiga vigelegele vikasikika hadi barabarani. Ambrosi, mtu mzima mwenye wajukuu, akacheza akizunguka meza ya jiwe. Dorika akacheka huku machozi yakimtoka.

“Heko, shujaa wetu!” Priska akasema, akitandaza kanga. “Basi nipe bamba langu nikimbilie basi.”

Dorika akamtazama kwa upole mkubwa. “Bado, Mama. Hapo tulikuwa tunaiandaa mashine. Kupima ndiyo kwanza tunaanza.”

Honi ikalia tena, ikaenda zake ikififia kuelekea Newala. Priska akaketi sakafuni, akaanza kucheka, akacheka mpaka kanga ikamwanguka, na wote wawili wakacheka naye.

Na ijulikane kwa vizazi vyote vya uwanda wa Makonde: siku ile, kabla ya chakula cha mchana, binti Nikolao aliishinda pembe ya nyuma. Bamba likapimwa, matundu yakaonekana yamenyooka, likapanda Newala kwa basi la jioni, limepakatwa kama mtoto wa mfalme.