Hasira Hupokelewa Jumatano

Kwa furaha kubwa, wananchi wote walitangaziwa kwamba kuanzia Jumatano ile hasira zao zingepokelewa rasmi: dirisha namba tatu, saa tatu hadi saa sita mchana, zikiwa zimejazwa kwa herufi kubwa na kalamu ya bluu. Hasira ya kalamu nyekundu ingerudishwa kwa mwenyewe.

Tangazo lilibandikwa kwenye geti la Kitengo cha Kulinda Mustakabali wa Vijana Walioteleza. Aliyelitunga alishuka ngazi mwenyewe kulisoma, kwanza kwa karibu, kisha kwa mbali, kama mtu anayeitazama nyumba yake ikiezekwa. Huyu alikuwa Mkurugenzi wa Kitengo. Watumishi walimwita Bwana Mizani, mbele yake kwa heshima na nyuma yake kwa kicheko, na yeye, kwa kuwa hakuwahi kuwa nyuma yake mwenyewe, alilipenda jina hilo.

Kazi yake haikuwa ndogo. Kijana yeyote aliyepatikana na hatia aliletwa kwanza kwake apimwe mustakabali. Bwana Mizani alitazama ripoti za shule, vyeti, viatu, na namna kijana anavyotoa shikamoo, kisha akaandika asilimia. Hakimu alipunguza adhabu kwa asilimia hiyo hiyo. Ilikuwa sayansi. Mwezi mmoja nyuma aliletwa kijana aliyeiba kuku wawili. Alipata asilimia nne, kwa sababu alikuja na kandambili, na sasa alikuwa gerezani akiutumikia mustakabali wake.

Kijana wa safari hii alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na asilimia tisini na sita. Alikuwa na kikombe cha mdahalo, mwandiko uliosimama kama askari wa gwaride, na baba anayejulikana. Baba hakuingizwa kwenye hesabu hata kidogo. Aliingia tu ofisini, akakaa, akanywa chai, akaondoka. Asilimia nne zilizopungua zilitokana na kile kijana alichomfanyia mwanafunzi wa cherehani, msichana wa miaka ishirini na mmoja, siku aliyokuja kuchukua suruali yake akamkuta peke yake dukani. Jambo hilo ndani ya Kitengo liliitwa kuteleza. Jina lake lenyewe halikuruhusiwa kutamkwa ndani ya jengo, maana lingeweza kumharibia mtu maisha.

Hukumu ilikuwa barua ya kuomba radhi, kurasa mbili, na miezi sita ya kulelewa katika nyumba yenye maadili. Mwendesha mashtaka akakata rufaa. Mji ukachemka. Watu wakaja getini na mabango, na baadhi ya mabango yalikuwa na makosa ya tahajia, jambo lililomsikitisha sana Bwana Mizani. Ndipo akapata wazo la dirisha.

Siku moja kabla ya dirisha kufunguliwa, Mama Birika aliingia na chai. Alikuwa mpishi wa chai wa Kitengo kwa miaka kumi na mmoja, akijua sukari ya kila mtumishi na siri za nusu yao. Alimimina, akafunika birika, lakini hakuondoka.

"Mzee, naomba kuuliza."

"Uliza, mama."

"Yule kijana wa tisini na sita."

"Aa, kijana mzuri! Umeuona mwandiko wake?"

"Mwandiko sijauona. Msichana aliyembaka ni mwanangu."

Bwana Mizani alitazama mlango kwanza, kuona kama neno limetoka hadi kwenye korido.

"Pole, mama. Pole sana, sikujua. Lakini humu ndani tunasema kuteleza."

"Mtu akiteleza huanguka mwenyewe, Mzee. Mbona huyu kasimama wima, aliyelala chini ni wangu?"

"Lugha ya kitaalamu, mama, ina mambo yake."

"Juzi kapita mbele ya duka la fundi anapiga mluzi. Tangu siku hiyo mwanangu hajaigusa cherehani. Anakaa chumbani, mlango kaufunga, chakula nasukuma kwa chini kama mfungwa. Nauliza tu: na wake mustakabali, mmeupima ukafika ngapi?"

Bwana Mizani alikuwa mtu mvumilivu. Alimweleza taratibu kwamba chombo cha Kitengo kina sahani moja tu, ya kumpimia aliyeteleza. Sahani ya pili ilikuwa kwenye mpango wa miaka mitano, mwaka wa tano, robo ya mwisho.

"Mizani ya sahani moja?" Mama Birika alishangaa. "Hata muuza vitunguu akija nayo sokoni tunamzomea."

"Ndiyo maana mnauziwa vitunguu vibovu. Sikiliza, mama. Jalada linakwenda Mahakama ya Rufaa Ijumaa ya wiki ijayo. Likifungwa, limefungwa. Kama una hasira, ipitishe dirishani. Hasira ya kwenye korido haina namba ya kumbukumbu."

Mama Birika alichukua birika lake. "Nimekuelewa, Mzee," akasema.

Bwana Mizani akafurahi, maana katika utumishi wake wote alikuwa akiamini kwamba mtu akisema ameelewa, basi ameridhika.

Jumatano ya kwanza ilikwenda vizuri kupita matarajio. Foleni ilifika hadi barabarani. Dada wa dirishani, karani mwenye sauti ndogo na muhuri mkubwa, alipokea fomu moja moja.

"Kiwango cha hasira umejaza 'kubwa', kaka. Hasira kubwa inahitaji cheti cha daktari."

"Daktari mwenyewe yuko nyuma yangu, naye kajaza kubwa!" alisema seremala.

"Basi naye akaandikiwe na daktari mwingine."

"Dada yangu, wewe huna hasira?"

"Ninayo," alisema kwa ile sauti ndogo, akigonga muhuri. "Lakini watumishi tuna dirisha letu. Halijajengwa."

Hadi saa sita hasira mia nane na arobaini zilikuwa zimepokelewa, zikafungwa kwenye makasha na kupelekwa stoo. Bwana Mizani aliandika katika ripoti yake kwamba hasira ya wananchi imekwisha kabisa, kwa kuwa yote imehamia stoo.

Kikabaki kikwazo kimoja kidogo: nyumba. Nyumba ya baba haikufaa, kwa sababu humo ndimo kijana alimokuwa akiishi alipoteleza. Mwalimu mkuu alijibu kwamba yake inapakwa rangi. Mwenyekiti wa mtaa alisema ana mbwa mkali. Alipoambiwa kijana anapenda sana mbwa, akasema shida ni mbwa. Watu kumi na saba wenye maadili mazito waliombwa, na wote kumi na saba walikuwa na wageni.

Bwana Mizani alikasirika, kwa kiwango cha wastani. Akatoa Waraka Namba Kumi siku hiyo hiyo. Wananchi wenyewe wangependekeza nyumba, dirisha namba tatu, Jumatano inayofuata. Nyumba itakayopendekezwa na wengi ndiyo ingempokea kijana. Mwenye nyumba asingeweza kukataa, isipokuwa kwa sababu za maandishi, zenye sahihi yake, zitakazowekwa ndani ya jalada. Kifungu hicho cha mwisho alikitunga asubuhi akiwa ananyoa ndevu, na alikipenda kuliko vyote. Kingewakomesha waoga. Ni nani anayetaka woga wake ugongwe muhuri?

Jumatano ya pili foleni ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, lakini kimya. Hapakuwa na bango hata moja. Akina mama wa sokoni walikuwapo, na mafundi cherehani, na seremala, na daktari, na wengine walikuwa wakitabasamu. Bwana Mizani alichungulia kwenye pazia.

"Unaona, Mama Birika? Wananchi wameelimika."

"Wameelimika sana, Mzee. Sukari kijiko kimoja au viwili?"

"Leo weka vitatu."

Alhamisi asubuhi dada wa dirishani alileta matokeo. Alisimama mbele ya meza, akakohoa kidogo.

"Fomu mia sita na kumi na mbili, Mzee. Zote nyumba moja."

"Zote? Huo ndio umoja! Nyumba gani?"

"Ile ya geti la kijani, baada ya posta. Yenye mawaridi upande wa kushoto."

"Geti la kijani, mawaridi..." Bwana Mizani alitabasamu, kisha tabasamu likabaki peke yake usoni, mwenyewe akiwa ameshaondoka. "Hiyo si ni..."

"Ndiyo, Mzee. Hongera."

Alizisoma. Fomu moja ilisema, KWA KUWA NDIYE ANAYEMWAMINI KIJANA KULIKO SISI WOTE. Nyingine ilisema, HAPO HATAKOSA MTU WA KUUTAZAMA MUSTAKABALI WAKE KILA ASUBUHI. Fundi cherehani aliahidi kumshonea kijana shuka kwa mkono wake. Fomu ya Mama Birika ilikuwa na mstari mmoja tu, wa mwandiko uliolala: NIMEMPIKIA CHAI MIAKA KUMI NA MMOJA, NI MTU WA MAADILI.

Siku hiyo Bwana Mizani alikula mchana nyumbani. Alikaa mezani na mkewe na mabinti zake wawili, mmoja wa chuo, mwingine aliyeanza kazi benki, akawaeleza jambo lenyewe kwa lugha ya kitaalamu. Mkewe alikuwa muuguzi na hakuwa na subira na lugha hiyo. Akaomba ripoti. Akaisoma akiwa bado ameshika kijiko.

"'Hatari kwa wengine: hakuna.' Sahihi hii ni yako, baba watoto?"

"Ni yangu."

"Basi mwambie aje. Chumba cha wageni kipo, kinatazamana na cha wasichana."

"Mama watoto, umerukwa na akili?"

"Mimi? Mimi sikuandika tisini na sita."

"Mambo ya ofisini ni ya ofisini!"

"Na mtoto wa Mama Birika ni wa ofisini?"

Binti mkubwa alisukuma sahani yake pembeni. Aliinuka, akaenda chumbani kwake, na wale waliobaki mezani wakamsikia akijaribu kitasa cha mlango. Akakizungusha, akakiachia. Akakizungusha tena. Bwana Mizani alilirudisha tonge sahanini, akachukua koti lake.

Alirudi kazini mbio, akajifungia, akaandika sababu zake. Hakuwahi kuandika vizuri namna hiyo. Kurasa nne zilimtoka bila rasimu. Aliandika kwamba kijana hana majuto. Kwamba barua yake ya radhi inamtaja msichana mara moja na kikombe cha mdahalo mara saba. Kwamba ameonekana akipita mbele ya duka lile lile akipiga mluzi. Kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuachwa karibu na mabinti wa watu. Na katika aya ya sita, kwa sababu alikuwa na haraka na alitaka aeleweke, Bwana Mizani aliliandika lile neno lenyewe, herufi zote, akalipigia mstari.

Dada wa dirishani aligonga muhuri, akaweka kurasa ndani ya jalada, akafunga kamba.

Ijumaa asubuhi, baada ya kulala na kuamka na akili zake, Bwana Mizani alikwenda dirishani. "Zile karatasi zangu," alinong'ona. "Nizipitie mara moja tu."

"Jalada limefungwa, Mzee."

"Mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Ndiyo, Mzee. Wewe ndiye uliyesema likifungwa, limefungwa."

Mahakamani hapakuwa na pa kuweka mguu. Mama Birika alikaa safu ya mbele na gauni lake la kutokea. Pembeni yake alikaa binti yake, mtandio umeshushwa hadi kwenye nyusi, mkono wake ndani ya mkono wa mama. Jaji kiongozi, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, aliweka karatasi mbili mbele yake na kumwita Bwana Mizani kizimbani.

"Hii ya kwanza inasema hatari hakuna. Hii ya pili inasema, nanukuu, 'ningekuwa mwendawazimu kumfungulia geti.' Sahihi ni moja. Tuamini ipi?"

"Zote mbili, mheshimiwa. Ya kwanza ni ya kitaalamu."

"Na ya pili?"

"Ya pili ni ya... mwenye nyumba."

"Bwana Mkurugenzi, swali langu ni jepesi. Kijana huyu ni salama au si salama?"

Bwana Mizani alitafuta neno. Alikuwa na maneno mengi, ametunga nyaraka kumi, lakini wakati huo lilikuja moja tu.

"Inategemea, mheshimiwa."

"Inategemea nini?"

"Inategemea ni nyumba ya nani."

Kisha sauti ya seremala ikatoka nyuma: "Mkuki kwa nguruwe!" Na ukumbi mzima, daktari na akina mama wa sokoni, ukaimalizia methali kwa pamoja. Jaji alikuwa na nyundo mkononi. Hakuigonga hadi walipomaliza.

Kijana alipewa miaka kumi na mbili. Jaji aliongeza kwamba kikombe cha mdahalo kitunzwe mahali pakavu, kitamsubiri. Aliamuru pia kwamba kila hukumu iliyopimwa kwa asilimia ifunguliwe upya, kuanzia ile ya kuku, na kwamba Mkurugenzi akae pembeni mpaka mustakabali wake nao utazamwe.

Nyumbani kwa Mama Birika mlango wa chumba uliendelea kufungwa siku mbili zaidi. Siku ya tatu ulikuwa wazi kidogo, upana wa kiganja. Wiki iliyofuata fundi alisikia cherehani ya pembeni ikianza, ikasita, ikaanza tena. Hakugeuka kutazama. Alisukuma tu sanduku la nyuzi likafika karibu na mguu wa msichana.

Siku moja, saa nne asubuhi, mtu mmoja alisimama mbele ya dirisha namba tatu akiwa ameshika fomu kwa mikono miwili. Alikuwa amedhulumiwa, alieleza. Miaka ishirini na sita ya utumishi, halafu anafanyiwa hivi, tena kwa mwandiko wake mwenyewe. Kiwango alijaza kubwa. Cheti cha daktari alikuwa nacho.

Dada wa dirishani alisoma fomu yote, mstari kwa mstari, kisha akatazama kalenda ukutani.

"Leo Alhamisi, Mzee," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Hasira hupokelewa Jumatano."

Akamrudishia fomu yake kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Na samahani, Mzee. Umetumia kalamu nyekundu."